Rangi ipi hushika kwenye plastiki? Mwongozo wa kuandika na kuchora kwenye salfeti, turubai na karatasi ya plastiki

Wafugaji wengi wa Dodoma, Singida na Shinyanga wanalijua jina la Vingunguti kwa sababu ya machinjio na biashara ya mbuzi. Lakini mgeni anayeteremka kwenye kata hiyo ya Ilala, jijini Dar es Salaam, hukutana kwanza na vibao. Bucha, kinyozi, genge la nyanya, fundi pikipiki, kibanda cha miamala ya simu: kila mmoja amejitangaza kwa maandishi. Kibao kimoja ni cha bati, kingine cha mbao, na vingine vingi ni vya plastiki ya aina fulani: kipande cha bango kuukuu kilichogeuzwa nyuma, ubavu wa pipa, mfuko wa salfeti uliofumuliwa.

Mvua za masika zikipita, vibao hivyo havibaki sawa. Kimoja kinaonekana kama kimeandikwa jana. Jirani yake kimebanduka herufi, na pale palipoandikwa NYAMA SAFI panasomeka AMA SA. Mara nyingi mkono wa mwandishi hauna lawama hapo. Tofauti huwa ni aina ya rangi, na jinsi plastiki ilivyoandaliwa kabla ya brashi kuigusa.

Jambo hili linakuhusu hata kama uko mbali na Dar es Salaam. Mwalimu wa darasa la pili anachora ramani ya Tanzania kwenye salfeti, na kabla muhula haujaisha Ziwa Victoria limedondoka sakafuni. Katibu wa kikundi anaandika tarehe kwenye magunia ya mbegu, na msimu ukifika hakuna anayejua lipi ni la mwaka huu na lipi ni la mwaka juzi. Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na ufanye nini kwa vifaa vinavyopatikana dukani kwenu.

Plastiki hainywi

Karatasi ya kawaida imetengenezwa kwa nyuzi za miti. Ukiikuza kwa kioo utaona nafasi ndogo ndogo kati ya nyuzi. Wino ukitua juu yake huingia ndani ya nafasi hizo, maji yanakauka, rangi inabaki imenaswa. Mbao, ukuta wa udongo na kitambaa cha pamba hufanya vivyo hivyo: vinakunywa.

Plastiki haina nafasi hizo. Chochote unachopaka hukaa juu, kama mafuta juu ya maji ya mchuzi. Kikikauka, kinashikilia kwa nje tu.

Fanya jaribio dogo. Chukua ndoo ya plastiki iliyo safi, idondoshee tone la maji ubavuni. Tone litajikusanya kama shanga na kuteleza. Sasa dondoshea tone jingine kwenye ubao usiopakwa rangi. Litatandaa na kuzama. Mahali ambapo maji yanajikusanya kama shanga, rangi ya maji nayo itapata shida kushika.

Plastiki zenyewe hazifanani. Tazama chini ya ndoo au chupa: mara nyingi kuna alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Namba 2 na 4 ni polithini, inayotengeneza madumu, mifuko laini na maturubai mepesi ya kuanikia mahindi. Namba 5 ni polipropilini, ambayo ndiyo ya salfeti na ndoo nyingi. Hizi mbili, polithini na polipropilini, ndizo sugu kuliko zote kwa rangi. Namba 3 ni PVC, inayotumika kwenye mabomba ya maji na kwenye turubai zito la mabango yanayochapwa kwa mashine. Namba 1 ni ya chupa za maji na soda. PVC na plastiki ya chupa hushika rangi vizuri zaidi kidogo, ingawa kila moja ina tabia yake.

Karatasi ya plastiki ni kitu gani?

Kuna karatasi ambayo haichaniki kwa mkono na hailowi kwa mvua. Inauzwa kwa wachoraji, inatumika kwa ramani za watu wa porini na kwa lebo za bidhaa. Aina inayojulikana zaidi duniani huitwa Yupo, na asili yake ni Japani. Ni polipropilini iliyochanganywa na unga mweupe wa madini ya chokaa, kisha ikavutwa hadi ikawa karatasi nyembamba.

Kwa maneno mengine, karatasi hiyo ya ghali na salfeti yako ya mahindi ni ndugu wa tumbo moja. Moja imesokotwa nyuzi na kufumwa, nyingine imetandazwa. Mafunzo ya moja yanaifaa nyingine.

Wajapani wanaitumia karatasi hiyo hata kwenye uchaguzi. Mpiga kura huandika jina la mgombea kwa penseli, hukunja karatasi, huitumbukiza kwenye sanduku. Kwa kuwa plastiki haipendi kubaki imekunjwa, kura hujifungua yenyewe ndani ya sanduku, na kazi ya kuhesabu inakuwa nyepesi. Tunajifunza pia kwamba penseli inaandika kwenye plastiki ya namna hiyo. Unga wa madini umeupa uso wake mikwaruzo midogo sana isiyoonekana, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayokwangua na kushika unga wa penseli.

Noti za plastiki nazo ni za ukoo huo. Australia ilitoa ya kwanza mwaka 1988, na majirani zetu wa Zambia walitoa noti za plastiki za kwacha 500 na 1,000 mwaka 2003. Juu ya wino wa noti hizo hupakwa tabaka la kinga lisilo na rangi. Kama noti ya benki inahitaji kufunikwa ili wino usifutike, kibao chako nacho kinahitaji.

Somo kutoka kwa Tingatinga

Mtu wa kwanza kukumbukwa Dar es Salaam kwa kufanya sanaa kubwa kwa rangi ya dukani ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na turubai la wasanii wala rangi za kutoka Ulaya. Alichukua mbao za kushindilia, zile ngumu zenye uso mlaini zinazotumika kwenye ujenzi, zikakatwa vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande. Rangi yake ilikuwa ya mafuta ya kung'aa, ya aina iliyotumika kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, kwenye eneo la Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda ushirika wao.

Ubao ule si plastiki, lakini ulikuwa na uso mlaini na mgumu, na namna ya kuupaka inatufaa. Wachoraji wa Tingatinga hawaanzi na twiga. Kwanza wanapaka uso wote rangi moja ya chini na kuiacha ikauke kabisa. Halafu wanachora umbo la mnyama, wanaliacha likauke. Mwisho ndipo wanaweka madoa, macho na manyoya. Kila tabaka ni jembamba, na kila tabaka linashika lile la chini yake, si ubao mtupu.

Rangi waliyochagua pia ina maana. Baiskeli ni chuma laini kisichokunywa kitu, kinachopigwa jua, mvua na vumbi. Rangi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo haitegemei kuzama ndani. Inajitengenezea ngozi yake ngumu juu.

Kifaa kwa kifaa

*Chaki na chaki za nta.* Chaki ya ubaoni haifai, inapukutika. Chaki za nta zinazotumiwa na watoto hushika vizuri kwa sababu nta hujipaka, lakini hulainika juani na kuchafua nguo. Zifae kwa michoro ya ndani ya darasa tu.

*Penseli.* Kwenye ndoo au dumu linaloteleza haiandiki. Kwenye karatasi ya plastiki au plastiki iliyopigwa msasa inaandika, hasa penseli laini. Ina sifa ambayo wengi hawaijui: maandishi ya penseli hayafifii kwa jua na hayayeyuki kwa maji. Adui yake ni kusuguliwa.

*Kalamu ya wino.* Kalamu ya kawaida ya Bic huandika kwenye karatasi ya plastiki, lakini wino hukawia kukauka na kiganja kikipita unachafuka. Kalamu za wino wa majimaji ni mbaya zaidi. Usizitumie.

*Maka peni.* Kuna za aina mbili, na kuzichanganya kumewaliza wengi. Ya ubao mweupe imetengenezwa ili ifutike, na kwenye plastiki itafutika kwa kidole. Ya kudumu ina spiriti ndani yake: spiriti inaruka, rangi inabaki imeganda. Hii ndiyo kifaa rahisi kuliko vyote kwa salfeti, ndoo na chupa. Ina udhaifu wa aina mbili. Jua huifubaza, na nyekundu hutangulia kupotea wakati nyeusi hudumu zaidi. Na kwa kuwa imekuja na spiriti, huondoka na spiriti: tone la kitakasa mikono linatosha kuifuta.

*Rangi za maji za shule.* Zile za vidonge vinavyoloweshwa kwa brashi. Kwenye karatasi ya plastiki hutembea, huchanganyika na kutengeneza mawimbi mazuri, ndiyo maana wachoraji wanazipenda. Ukikosea, unafuta kwa kitambaa kibichi na kuanza upya. Lakini hata zikikauka mwaka mzima, tone la maji litazifuta. Picha ya namna hiyo lazima ifunikwe kwa kinga ya kupuliza, kwa sababu brashi ya vanishi itaikokota.

*Rangi ya maji ya ukutani.* Hii ina gundi ya plastiki ndani yake. Ikipakwa nene kwenye ndoo au salfeti inayoteleza, hukauka kama ngozi ya maziwa na kubanduka kipande kizima. Kwenye salfeti iliyofumwa bila kung'arishwa hushika zaidi, kwa kuwa huingia kwenye mfumo wa nyuzi. Hata hivyo ukiikunja salfeti, rangi hupasuka kwenye mkunjo. Izungushe kama mkeka, usiikunje kama shuka.

*Rangi za akriliki za wachoraji.* Ni jamaa wa rangi ya ukutani, lakini zina gundi bora. Zikipakwa nyembamba kwenye uso uliosafishwa hukaa vizuri. Kucha bado inaweza kuzikwangua kama hazijafunikwa.

*Rangi ya mafuta ya kung'aa.* Ndiyo ya Tingatinga na ya mafundi wengi wa vibao. Inafaa kwa pipa na ndoo zilizopigwa msasa, na kwa salfeti. Iongezee thina kidogo ili itandae, na paka mara mbili nyembamba badala ya mara moja nene. Ziko sehemu mbili za kuwa mwangalifu. Kwenye karatasi nyembamba ya plastiki, mafuta na thina vikizidi vinaweza kuifanya ivimbe na kujikunja. Na kwenye turubai la mabango la PVC, rangi ya mafuta huweza kubaki inanata kwa wiki nyingi. Turubai hilo limetiwa vilainishi ili likunjike, na vilainishi hivyo hupanda polepole na kuizuia rangi isigande. Ukiliviringisha, maandishi yanahamia upande wa pili. Kwa turubai hilo, akriliki au rangi ya maji ya nje hukaa vizuri zaidi.

*Rangi ya kupuliza.* Hushika vizuri kwa kuwa inatua kwa matone madogo na kukauka haraka. Pulizia kwa mbali kidogo, tabaka jepesi jepesi. Herufi za kukata kwenye kadi ngumu hukupa maandishi nadhifu hata kama mwandiko wako ni wa kuku. Kasoro zake ni bei na hewa yake kali.

*Mashine ya kuchapa.* Usiipeleke karatasi ya polipropilini kwenye mashine ya leza ya stesheneri. Mashine hiyo huunguza unga wa wino kwa joto kali linaloweza kupita nyuzi 180 za Selsiasi. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160. Utaharibu karatasi, na mwenye mashine atakudai.

Maandalizi: hapa ndipo kazi ilipo

Rangi nzuri kwenye plastiki chafu ni fedha iliyotupwa. Fuata hatua hizi.

1. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji, suuza, anika. Ndoo iliyowekwa mafuta ya kula ioshwe mara mbili.

2. Piga msasa laini pale utakapoandika, hadi mng'ao uondoke. Usiitoboe, iparuze tu. Unaitengenezea plastiki ile mikwaruzo midogo ambayo karatasi ya Kijapani inayo tangu kiwandani. Salfeti na karatasi ya plastiki usizipige msasa.

3. Futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Kuanzia hapo usishike uso huo kwa kiganja, kwa sababu jasho na mafuta ya mkono hukataa rangi.

4. Paka rangi ya chini, nyembamba, sehemu nzima. Iache siku moja. Rangi ya mafuta huweza kuonekana kavu jioni, lakini ndani bado ni mbichi.

5. Andika au chora. Iache siku nyingine.

6. Funika kwa vanishi isiyo na rangi kama kitakaa nje. Vanishi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta, ya maji juu ya rangi ya maji. Kwanza ijaribu pembeni.

Kuna swali ambalo huulizwa sana: mbona maandishi ya kiwandani kwenye mfuko wa saruji au unga hayabanduki? Kabla ya kuchapa, viwanda vingi hupitisha plastiki kwenye cheche za umeme zinazobadilisha ngozi yake ya juu ili wino ushike. Nyumbani hatuna cheche hizo. Tuna msasa, spiriti na subira.

Jaribio la selotepu

Kabla ya kuandika kibao kizima, paka kipande kidogo pembeni. Baada ya siku mbili, chora alama ya kukatisha kwa wembe juu ya rangi, bandika selotepu, ibonyeze, kisha ivute kwa nguvu mara moja. Rangi ikibaki mahali pake, endelea. Ikija na selotepu, rudi kwenye msasa, au badilisha rangi. Jaribio hili halina gharama, nalo hukuokoa kununua kopo jingine.

Pale maandishi yanapokuwa uhai

Kibao cha bucha kikifutika, mwenye bucha hupoteza mteja. Dawa ya kuua wadudu ikifutika jina, mtu anaweza kufa.

Usihamishie dawa ya shamba kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kama unaandika SUMU kwa maka peni. Maandishi hayo yatafutwa na dawa yenyewe, kwa kuwa dawa nyingi za maji zina viyeyusho vinavyoondoa wino, na mtoto asiyejua kusoma hataokolewa na herufi. Iache kwenye chombo chake cha dukani, ifungie mahali pa juu. Ukikuta chombo ambacho lebo yake imetoka na hakuna anayejua kilichomo, usikisie wala usinuse. Kiweke mbali na watoto na umuulize afisa ugani.

Kwa mbegu na nafaka, andika mara mbili. Nje ya gunia tumia maka peni nyeusi ya kudumu, upande usiopigwa na jua. Ndani weka kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa penseli: aina ya mbegu, mwezi na mwaka wa kuvuna, na kama imewekwa dawa au la. Mifuko ya PICS, yenye ganda la salfeti nje na mifuko miwili ya polithini ndani, iandike kwenye ganda la nje tu. Usiipige msasa wala kuichoma kwa ncha ya kalamu mifuko ya ndani, maana tundu moja linaingiza hewa na dumuzi anaendelea kula.

Mwisho, jilinde na wewe. Thina na rangi ya kupuliza zitumike nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara. Usisafishe plastiki kwa petroli. Baadhi ya rangi za mafuta zimekuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto anayekua. Tafuta kopo lililoandikwa kuwa halina risasi, na usipake rangi ya kibao kwenye vyombo vya chakula wala vitu vya kuchezea watoto.

Kwa ufupi

Salfeti ya darasani: maka peni ya kudumu au rangi ya mafuta nyembamba, na uizungushe bila kuikunja. Ndoo, dumu na pipa: msasa, spiriti, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Turubai la bango: akriliki au rangi ya maji ya nje. Karatasi ya plastiki: penseli, maka peni ya kudumu, akriliki, au rangi za maji za shule zilizofunikwa kwa kinga ya kupuliza. Gunia la mbegu: maka peni nje, penseli ndani.

Na kama una haraka ya kuandika leo ili utundike leo, tafuta ubao. Plastiki haimvumilii mwenye haraka.